Mbali na bahari: Kamba aliyegandishwa na namna ya kumchoma nyumbani

Kamba wa Bahari ya Hindi si kitoweo cha watu wa pwani peke yao tena. Mjini Kampala, Kigali na Bujumbura wanapatikana katika maduka makubwa na kwa baadhi ya wauza samaki, na familia zinazoijua ladha yao huwatafuta siku ya Idi, siku ya harusi au anapotarajiwa mgeni wa heshima. Bei yao si ya kila siku. Aghalabu pakiti moja huwa imewekewa akiba, na hapo ndipo kosa dogo la jikoni linapogeuka hasara kubwa: dakika mbili za ziada motoni humfanya kamba kuwa mgumu kama mpira, na usiku mmoja wa kumwacha ayeyuke juu ya meza unaweza kuwaharibia wageni matumbo.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa dukani. Upande mmoja wamelazwa kamba laini juu ya vipande vya barafu, wameandikwa kuwa ni wabichi. Upande wa pili, ndani ya friza, wamo wenzao walioganda kama mawe ndani ya mifuko. Wengi huwaendea wale wa kwanza, kwa kuamini kuwa kilicho laini ndicho kibichi. Kwa mtu anayeishi zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, imani hiyo mara nyingi humponza. Makala haya yanaeleza sababu, kisha yanafuata safari ya kamba kutoka kwenye friza hadi kwenye wavu wa mkaa.

Kamba gani, na anatoka wapi

Neno kamba hubeba maana zaidi ya moja hata likihusu viumbe vya bahari. Nchini Tanzania, wataalamu wa uvuvi humwita kambamti yule anayezungumziwa hapa, mwenye gamba jembamba na mkia uliopinda, ili kumtofautisha na kambakochi, ambaye ni mkubwa, ana gamba gumu na hukaa kwenye miamba. Uduvi nao ni wadogo sana, huanikwa juani na kuuzwa wakavu. Maziwa ya Afrika Mashariki yana uduvi wake. Ziwa Victoria, kwa mfano, lina wadogo ambao hunaswa pamoja na dagaa. Lakini kamba wakubwa wanaouzwa mijini kwa ajili ya kuchomwa kwa kawaida hutoka baharini au katika mabwawa ya ufugaji ya nchi za pwani.

Katika ukanda huu, kamba wa baharini hupenda mahali ambapo mito mikubwa humwaga maji yake na mikoko huota. Nchini Kenya ni Ghuba ya Ungwana, karibu na mlango wa Mto Tana. Nchini Tanzania ni delta ya Mto Rufiji pamoja na maji ya Bagamoyo na Kilwa. Nchini Msumbiji ni Benki ya Sofala, eneo pana la bahari ya kina kifupi linalopokea maji ya Mto Zambezi. Watoto wa kamba hukulia kwenye mikoko, kisha wakikomaa hurudi kwenye maji ya wazi kutaga mayai.

Kwa kuwa maisha yao yanategemea misimu ya mvua na mito, uvuvi wao nao huwekewa misimu. Serikali hufunga bahari kwa miezi kadhaa kila mwaka ili kamba wachanga wapate kukua. Pamekuwapo pia hatua kali zaidi. Kenya ilipiga marufuku uvuvi wa meli zinazokokota nyavu mwaka 2006, baada ya mvutano wa muda mrefu kati ya meli hizo na wavuvi wadogo, na haikuzirejesha mpaka ulipoandaliwa mpango maalumu wa kusimamia uvuvi huo. Tanzania nayo ilisimamisha uvuvi wa meli za aina hiyo kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 2008. Kwa hiyo kamba hawavuliwi kwa wingi uleule mwaka mzima. Wanaouzwa nje ya msimu, kwa sehemu kubwa, ni wale waliogandishwa wakati bahari ilipokuwa wazi, au waliofugwa.

Kwa nini huharibika upesi

Kamba akifa, mwili wake huanza kujila wenyewe. Kichwani mwake mna kiungo kinachofanya kazi kama ini na kongosho kwa pamoja, kilichojaa vimeng'enya vya kusaga chakula. Uhai ukishatoka, vimeng'enya hivyo huvuja na kuanza kulainisha nyama iliyo karibu na shingo. Ndiyo maana kamba mwenye kichwa aliyekaa saa nyingi bila baridi ya kutosha huwa tepetepe sehemu ya juu hali mkia ungali imara. Kwa sababu hiyo pia, viwanda vingi huondoa vichwa kabla ya kugandisha.

Bakteria nao hawasubiri. Nyama ya kamba ina maji mengi na virutubisho vyepesi ambavyo bakteria huvitumia haraka. Kadiri joto linavyopanda juu ya nyuzi 5 za Selsiasi, ndivyo wanavyozaliana kwa kasi. Miongoni mwao wamo wa jamii ya vibrio, wanaoishi kwa kawaida katika maji ya bahari yenye joto. Wakiwa wachache, moto huwamaliza. Wakiachwa kuongezeka, huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha.

Kugandisha husimamisha shughuli hiyo. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa cha kuhifadhia kamba waliogandishwa, bakteria hawazaliani tena na vimeng'enya hupungua kasi kwa kiasi kikubwa. Bakteria wengi hawafi, bali hulala, na baridi ikiondoka huamka.

Kasi ya kugandisha ina uzito wake pia. Kiwandani au melini, kamba hugandishwa kwa muda mfupi, na chembe za barafu zinazofanyika ndani ya nyama huwa ndogo. Friza ya nyumbani hufanya kazi polepole, na chembe zake huwa kubwa na zenye ncha, zikipasua nyama kwa ndani. Kamba wa namna hiyo akiyeyuka hutoa maji mengi, na maji hayo huondoka na ladha.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la swali la dukani. Katika mji ulio mbali na bahari, kamba laini aliyelazwa juu ya barafu huenda aligandishwa pwani, akasafirishwa, kisha akayeyushwa ili apendeze machoni. Saa zake zimekwisha kuanza kuhesabika, na mnunuzi hajui zilianza lini. Aliyemo ndani ya friza bado saa zake zimesimama. Kuuliza si utovu wa adabu: muuzaji mwaminifu ataeleza iwapo bidhaa iliwahi kugandishwa. Ikiwa iliwahi, basi isirudishwe kwenye friza ya nyumbani, ipikwe siku hiyohiyo.

Kuisoma pakiti

Jambo la kwanza la kutazama ni barafu yenyewe. Kamba waliogandishwa hupakwa utando mwembamba wa maji yanayoganda juu yao ili wasikauke. Utando huo ni wa lazima, lakini ukizidi, mnunuzi hulipia maji kwa bei ya kamba. Uzito unaostahili kuaminiwa ni uzito halisi bila barafu, ambao pakiti iliyoandikwa vizuri huutaja. Kilo moja yenye barafu ya sehemu moja kati ya tano humwachia mpishi gramu 800 tu za kamba. Wakiwa na vichwa, zaidi ya theluthi ya uzito huo itaishia jalalani au kwenye sufuria ya supu.

Jambo la pili ni namba za ukubwa. Alama kama 16/20 au 31/40 huonyesha idadi ya kamba katika ratili moja, yaani takriban gramu 450. Namba ikiwa ndogo, kamba ni mkubwa. Kwa kuchoma juu ya mkaa, wanaofaa ni wa 16/20 hadi 21/25. Wadogo zaidi huiva kabla hawajapata rangi ya moto, na wengine hupenya kwenye wavu na kupotelea majivuni.

Jambo la tatu ni rangi. Kamba mbichi aliyegandishwa huwa wa kijivu, kijani hafifu au rangi ya udongo kulingana na aina yake. Akiwa wa waridi tangu friza, amekwisha kupikwa, na kumchoma tena ni kumkausha. Madoa meusi kwenye gamba hutokana na kimeng'enya kinachokutana na hewa, kama tufaha lililokatwa linavyobadilika rangi. Hayana sumu, ila huashiria kuwa kamba alichelewa kupata baridi. Ili kuyazuia, wazalishaji wengi hutumia chumvi za salfaiti. Wenye pumu wasome orodha ya viambato, maana baadhi yao hupata shida ya kupumua wakila vyakula vyenye kemikali hizo.

Mwisho, pakiti ipapaswe. Ikiwa kamba waligandishwa mmojammoja, wanapaswa kusogea ndani ya mfuko. Wakiwa wameshikamana kuwa donge moja lenye barafu nyingi pembeni, yumkini waliwahi kuyeyuka njiani wakaganda upya. Madoa meupe makavu kama chaki ni dalili ya kuungua kwa baridi. Hawadhuru, lakini nyama yao itakuwa kama uzi.

Kuyeyusha: kazi isiyotaka haraka

Njia bora ni jokofu. Kamba huwekwa kwenye chujio lililopachikwa ndani ya bakuli ili maji yatiririke chini, hufunikwa, kisha huachwa usiku kucha kwenye rafu ya chini. Asubuhi huwa laini, baridi na salama, na wanaweza kusubiri hadi jioni.

Asiye na muda atumie maji baridi. Kamba hufungwa ndani ya mfuko usiopenyeza maji, huzamishwa kwenye maji baridi, na maji hubadilishwa kila yanapoanza kupoteza ubaridi. Nusu kilo ya kamba waliogandishwa mmojammoja huwa tayari kwa takriban nusu saa. Donge kubwa huchukua saa moja au zaidi. Wakishalainika, wapikwe mara moja.

Njia hii ya pili ndiyo inayowafaa wasio na jokofu, na katika miji ya ukanda huu hao ni wengi. Kwao, ununuzi ufanywe siku ileile ya kupika na uwe wa mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Pakiti ifungwe kwa magazeti kadhaa au kitambaa kizito, na ikiwezekana ibebwe ndani ya chombo kinachohifadhi baridi.

Njia zinazopaswa kuachwa ni tatu: juani, kwenye maji ya moto, na juu ya meza ya jikoni. Zote zina kasoro moja. Ngozi ya nje ya kamba hupata joto na bakteria huanza kuzaliana hali katikati bado ni barafu. Maji ya moto huongeza hasara nyingine, kwa kuwa huanza kumpika kamba kabla hajaonja moto.

Umeme nao hukatika. Friza iliyojaa, mlango wake ukiachwa umefungwa, huweza kutunza baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Jokofu la kawaida hutunza kwa saa 4 tu. Kamba ambao bado wana barafu ndani yao umeme unaporudi wanaweza kuendelea kuhifadhiwa, ingawa ubora wao utakuwa umepungua. Waliokwisha kuwa laini na kupoteza ubaridi hawafai tena, hata kama hawanuki.

Kumwandaa kamba

Kwa moto wa mkaa, gamba liachwe. Hulinda nyama isibabuke, huishikilia harufu ya moshi, na lenyewe likiungua kidogo hutoa ladha inayopenya ndani. Mpishi huchukua mkasi, hulikata gamba mgongoni kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, kisha kwa ncha ya kisu huondoa uzi mweusi unaopita hapo. Uzi huo huitwa mshipa kwa mazoea, lakini ni utumbo. Kuula si hatari ukishaiva, ila mara nyingi huwa na mchanga.

Hatua inayofuata hupuuzwa na wengi, nayo ni kukausha. Kamba aliyelowa hachomeki. Joto la mkaa hutumika kwanza kugeuza maji kuwa mvuke, na mpaka maji yaishe nyama imekwisha kuiva bila kupata rangi. Kitambaa safi au karatasi ya jikoni hutosha. Baada ya hapo hunyunyiziwa chumvi, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, na kuachwa robo saa kwenye jokofu au mahali pa baridi. Chumvi huisaidia nyama kushikilia maji yake motoni.

Viungo ni hiari ya nyumba. Mchanganyiko mwepesi wa nusu kilo ni vijiko viwili vya mezani vya mafuta, punje nne za kitunguu saumu kilichopondwa, kipande kidogo cha tangawizi, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, na pilipili kwa kadiri ya ulimi. Huko Msumbiji, pilipili ndogo kali pamoja na kitunguu saumu ndivyo vilivyolipatia jina chakula cha kamba wa kuchoma. Pwani ya Kenya na Tanzania wengi hupenda kumalizia kwa tui la nazi.

Ndimu inataka tahadhari. Ukali wake hufanya kazi kama moto: hubadilisha nyama ikawa nyeupe na ngumu bila kuipika wala kuua bakteria wote. Kamba aliyelala saa mbili ndani ya maji ya ndimu hufika motoni akiwa nusu amekauka. Katika kuloweka, itumike ganda la ndimu lililokwaruzwa. Maji yake yasubiri sahani.

Moto, na hewa isiyoonekana

Kabla ya kuzungumzia joto, kuna jambo la uhai. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu huweza kupoteza fahamu kabla hajatambua kuwa yumo hatarini. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za mwanzo. Mkaa mwekundu usiotoa moshi huonekana kuwa safi, lakini bado unatoa hewa hiyo. Kwa hiyo jiko la mkaa liwe uani au kwenye baraza iliyo wazi, kamwe lisiwe ndani ya chumba, na baada ya karamu lisiingizwe ndani kupasha joto usiku wa baridi. Tahadhari hii inahusu zaidi miji ya nyanda za juu, ambako usiku ukiingia kibaridi hushawishi watu kulikaribisha jiko chumbani.

Mkaa huwa tayari ukishafunikwa na majivu mepesi ya kijivu. Usukumwe upande mmoja, ili wavu uwe na sehemu ya moto mkali na sehemu ya moto hafifu. Kipimo cha kienyeji ni kiganja: mkono ukiinuliwa kadiri ya upana wa kiganja juu ya wavu, usiweze kuvumilia zaidi ya sekunde mbili au tatu. Wavu usuguliwe na kupakwa mafuta kidogo kwa kitambaa kilichoshikwa na koleo.

Kamba watungwe kwenye vijiti viwili vilivyo sambamba, kimoja karibu na shingo na kingine karibu na mkia. Kijiti kimoja huwaacha wazunguke, na upande mmoja huungua hali mwingine ukibaki mbichi. Vijiti vya mbao vilowekwe nusu saa kabla.

Wakaao kwenye ghorofa wasio na uwanja hawajanyimwa. Kikaango kizito cha chuma juu ya gesi, kikipashwa moto hadi kianze kutoa moshi hafifu, huchoma vizuri, mradi kamba wasirundikwe. Oveni yenye moto wa juu nayo hufaa, trei ikisogezwa karibu na moto huo. Dirisha liachwe wazi.

Dakika chache tu

Kuanzia hapa, subira iliyohitajika wakati wa kuyeyusha hupisha wepesi. Kamba mkubwa mwenye gamba huhitaji dakika mbili hadi tatu kila upande juu ya moto mkali. Aliyemenywa huhitaji pungufu, dakika moja na nusu hadi mbili. Mpishi asiliache jiko kwenda kufungua mlango.

Dalili ya kwanza ni rangi. Gamba la kamba lina rangi nyekundu iliyofungwa ndani ya protini, na ndiyo sababu akiwa mbichi huonekana wa kijivu. Joto huivunja protini hiyo, na wekundu ukajitokeza. Lakini gamba hubadilika mapema, hivyo rangi ya nje peke yake haitoshi. Mahali pa kutazama ni mgongoni, palipokatwa kwa mkasi: nyama iliyokuwa inapitisha mwanga kama kioo iwe nyeupe kama maziwa hadi ndani. Kamba asiyetungwa kwenye kijiti huonyesha pia kwa mkunjo. Akijikunja kama herufi C, ameiva. Akijifunga kama herufi O, amepitiliza.

Mwenye kipimajoto atakuta viwango viwili. Mamlaka za chakula nchini Marekani hutaja nyuzi 63 kwa vyakula vya baharini, na Shirika la Afya Duniani hushauri nyuzi 70 kwa vyakula vyote. Juu ya mkaa mkali, tofauti ya viwango hivyo ni sekunde chache. Chakula kikiwa cha watoto wadogo, wajawazito, wazee au wagonjwa, nyuzi 70 ndizo za kufuatwa.

Kwa wanaopenda kupaka, tui zito lililochemshwa pamoja na chumvi, pilipili na ndimu kidogo hupakwa dakika ya mwisho, upande mmoja kisha mwingine. Likipakwa mapema huungua na kuwa chungu. Mchanganyiko uliolowekewa kamba wabichi usimwagwe juu ya walioiva mpaka uchemshwe kwanza, na sahani iliyobeba wabichi isiwapokee walioiva.

Mgeni akifika ghafla

Inawezekana kuwachoma bila kuwayeyusha kabisa, kwa masharti mawili. Kamba wawe waligandishwa mmojammoja, wala si donge. Na pawe na sehemu mbili za moto zilizotajwa juu. Donge haliwezekani, kwa maana wa nje wataungua kabla wa kati hawajalainika.

Kamba husuuzwa haraka kwa maji baridi ili utando wa barafu utoke, kisha hufutwa wakauke. Hawatungwi kwenye vijiti, kwa kuwa kijiti hakipenyi barafu, wala hawapakwi viungo, kwa sababu maji yanayotoka yatavisomba vyote. Hupangwa kwanza upande wa moto hafifu kwa dakika tatu hadi nne, wakigeuzwa mara moja. Hapo watatoa maji na kuanza kupauka. Kisha huinuliwa, hupanguswa upesi, hupakwa mafuta na viungo, na kuhamishiwa kwenye moto mkali kwa dakika moja na nusu hadi mbili kila upande.

Mmoja aliye mnene kuliko wote akatwe katikati kabla ya kuandaa. Kukiwa na baridi au sehemu ya kioo ndani, wote warudishwe upande wa moto hafifu. Matokeo hayatalingana na ya waliolala kwenye jokofu, kwa kuwa chumvi haikupata nafasi ya kuingia. Lakini yanazidi mbali yale ya kamba walioyeyushwa kwa maji ya moto kwa kuhofia kumchelewesha mgeni.

Mezani

Kabla ya sahani kuzungushwa, mwenyeji aulize. Mzio wa kamba ni miongoni mwa mizio mikali ya chakula. Husababishwa na protini ambayo moto hauiharibu, kwa hiyo kumpika sana hakumsaidii mwenye mzio. Kuvimba midomo, upele wa ghafla au kubanwa pumzi ni dharura inayohitaji hospitali bila kusubiri. Wapo pia wasiomla kwa imani. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, humla bila tatizo. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wametofautiana juu yake. Waadventista wa Sabato humhesabu miongoni mwa vyakula visivyoruhusiwa. Wavu uliochomea kamba usitumiwe kwa chakula cha mgeni wa namna hiyo kabla ya kuoshwa.

Waliobaki wasikae mezani zaidi ya saa mbili. Wakiwekwa kwenye jokofu upesi, wanaweza kuliwa siku mbili zinazofuata, na ni vizuri zaidi waliwe baridi kwenye kachumbari kuliko kupashwa moto tena. Vichwa na magamba yasitupwe: yakikaangwa kidogo na kuchemshwa nusu saa, maji yake yakachujwa, hupatikana supu ambayo ndani yake wali huwa mtamu bila kuongezwa kitu kingine ila chumvi.

Aliye mbali na bahari hana uwezo juu ya siku kamba alipovuliwa wala barabara aliyopitia. Uwezo wake unaanzia dukani na kuishia sahanini. Akichagua aliyeganda barabara, akamlainisha kwa baridi, akamkausha, na akamwondoa motoni mara tu nyama inapogeuka nyeupe, fedha yake haitakuwa imepotea bure.